Nuru Inayopotea Njiani

Kuna udhaifu wa aina mbili. Upo wa kitu kilicho hafifu chenyewe, na upo wa kitu kizima ambacho kinapata nusu tu ya haki yake. Kwa nje udhaifu huu wa aina mbili hufanana kama mapacha. Anayeitazama taa inayowaka kwa unyonge hawezi kujua kwa macho matupu kama taa yenyewe ni mbovu, kama betri imechoka, au kama nguvu inatoka nzima huko inakotoka na kuliwa njiani. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na mitano, na kila mwaka nilikutana na jambo hili katika watoto. Lakini aliyenionesha namna ya kulipima kwa namba ni binti mmoja fundi umeme wa magari, siku alipoinama mbele ya taa za gari letu kuukuu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, la miaka ya 1970. Lililetwa na mtu na mkewe waliolipanda kutoka Uingereza wakashuka nalo bara zima hadi Arusha, kisha wakachoka, wakaliuza, wakarudi kwao kwa ndege. Ni gari-nyumba. Paa lake ni la Dormobile, linainuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, na chini ya turubai lake kuna vitanda viwili vyembamba. Viti vya nyuma hukunjuliwa vikawa kitanda cha watu wawili. Lina jiko dogo la gesi, kabati la vyombo, na tangi la maji la lita sitini. Majirani zetu wa Moshi walipoliona kwa mara ya kwanza waliuliza kama tunahama.

Hatukuwa tunahama. Mimi na mke wangu tulikuwa tumestaafu, watoto wametawanyika, na ndugu zetu wako kila upande, kutoka Upare hadi Usambaa, hadi Dodoma. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa na umri wa kushindwa jembe, na hatukupenda kwenda kwa mtu tukawahamisha watoto wake vitandani. Ukifika na kitanda chako, unaegesha uani, unakula na wenyeji, unacheka nao hadi usiku, kisha unaingia kwenye nyumba yako ya magurudumu na kuwaacha walale kwenye nafasi yao. Wenyeji hawasumbuki, na mgeni haoni haya kukaa hadi siku ya tano. Kwa wazee wawili wenye pensheni ya mwalimu, hiyo ilikuwa njia ya kubaki ndani ya maisha ya watu wetu.

Kasoro moja ilikuwa taa. Taa kubwa za mbele zilitoa mwanga wa njano, kama wa kibatari kilichokaribia kuishiwa mafuta. Ukiwasha fuli, mwanga ulisogea mbele kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na hataki kwenda. Mchana hukuona tatizo. Lakini barabara yetu ya kwenda Usambaa ni ndefu, kutoka Moshi kupita Mwanga, Same, Hedaru, hadi Mombo, ndipo unapopinda kuupanda mlima kwenda Soni na Lushoto. Pancha moja au mvua moja inatosha kukukuta na giza kabla hujafika.

Jioni moja tulikuwa tumeipita Hedaru, giza limeshaingia. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, upande wangu. Mbele yetu akatokea mtu anasukuma baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Hakuwa na taa wala kiakisi, na magunia yalikuwa meusi kama usiku wenyewe. Nasema akatokea kwa sababu hatukumwona akija. Tulimwona alipokuwa tayari mbele ya boneti. Nilikata usukani kulia. Mungu ni mwema, hapakuwa na gari upande ule. Yule mtu hakugeuka hata kutazama. Mke wangu hakusema neno mpaka Mombo. Pale tuliposimama alisema, kwa sauti ya chini, "Baba, mimi sitapanda tena gari hili jua likizama."

Habari zile ziliwafikia watoto, na watoto wakatoa hukumu yao kwa simu. Binti yetu wa kwanza, aliye Dodoma, alisema gari liuzwe. Kaka yake alisema gari halina neno, ila baba atafutiwe dereva, kwa kuwa macho ya mtu wa miaka sitini na nane si ya kuendesha usiku. Walisema kwa upendo na adabu zote. Hata hivyo, mzee anapozungumziwa na wanawe habari za macho yake, anajua kwamba baada ya macho zitafuata funguo, na baada ya funguo zitafuata safari zenyewe. Kwa mke wangu jambo lilikuwa zito kuliko hilo. Mama yake, mwenye miaka tisini na kitu, alikuwa hai bado kule milimani Lushoto. Simu ya kuitwa kwa mgonjwa haichagui saa.

Nilikwenda kupimwa macho. Daktari alinipima kwa makini, akaniwekea matone, akatazama ndani ya jicho kwa taa yake. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza, lakini hajafikia kiasi cha kuondolewa. Akanieleza kwamba kadiri mtu anavyozeeka, mboni haipanuki gizani kama zamani, na lenzi ya jicho hugeuka kuwa ya manjano, kwa hiyo mwanga unaofika ndani hupungua. Mzee huhitaji mwanga zaidi ya kijana ili aone kitu kile kile. Akanishauri nisifanye safari ndefu za usiku kuwa mazoea. Kisha, akiwa anaandika, akauliza, "Na taa za gari lako, mzee, zikoje?"

Lilikuwa swali jema, kwa sababu liligawa jambo mara mbili: mwanga ninaoupokea, na mwanga ninaopelekewa.

Ushauri kuhusu taa haukukosekana. Jirani mmoja mwenye lori dogo alisema nitie balbu za wati 100 badala ya zile za wati 60 kwa 55. Mwingine akasifu balbu za LED zilizojaa madukani siku hizi. Ushauri wa kwanza ni kama kumpa mtu mwenye koo lililoziba chakula kingi zaidi. Balbu kubwa huvuta umeme mwingi kupitia waya zile zile nyembamba na swichi ile ile ya zamani. Hupotea zaidi njiani, na swichi inaweza kuyeyuka. Wa pili una kasoro nyingine: bakuli la taa lililotengenezwa kwa balbu ya halojeni hutegemea uzi unaowaka mahali mahususi, ukiweka kitu kinachong'aa kwa namna nyingine, mwanga hutawanyika ovyo. Wewe unafurahi kwa weupe wake, na anayekuja mbele yako anapofuka.

Ndipo nikaelekezwa kwa yule binti. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe, amesomea umeme wa magari VETA, na alikuwa na utulivu wa mtu asiyekisia. Alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia, nikamweleza. Hakufungua taa. Aliniomba niwashe injini, niwashe taa, niziache ziwake. Kisha akatoa mita yake.

Kwenye betri alisoma volti 14.0. Alteneta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Nyuma ya taa ya kushoto, kwenye ncha za balbu yenyewe, alisoma volti 11.0. Akanionesha ile namba bila kusema kitu, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi.

Kisha akazitafuta volti 3 zilizopotea. Aligusa waya mmoja wa mita kwenye ncha chanya ya betri na mwingine kwenye waya unaoingia kwenye taa. Ikasoma 2.1. Hizo ndizo zilizoliwa wakati wa kwenda. Akagusa waya wa ethi wa taa na ncha hasi ya betri. Ikasoma 0.9. Hizo ndizo zilizoliwa wakati wa kurudi. 14 toa 2.1, toa 0.9, ni 11. Hesabu ilikubali.

Nikamwuliza kwa nini alisisitiza taa ziwe zinawaka. Akajibu kwamba taa zikizimwa, mita itasoma volti karibu kamili kila mahali na utadhani gari ni zima. "Bomba lililoziba nusu, mwalimu, ukifunga koki presha inaonekana sawa. Fungua maji yatembee ndipo utajua." Jibu hilo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile.

Volti 3 zinaweza kuonekana ni kidogo. Lakini taa ya uzi haipungui sawasawa na umeme. Uzi wake wa tangsteni hutoa mwanga kwa kuwa umepashwa moto mno, na moto ukipungua kidogo, mwanga huporomoka. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Balbu za aina ya taa zetu hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Kwa volti 11 zilikuwa zinatoa nusu tu ya mwanga wake, au zaidi ya hapo kidogo, na nusu hiyo ni ya rangi ya njano. Nguvu nyingine ilikuwa inageuka joto. Aliniambia niguse swichi iliyo kando ya usukani. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai.

Sababu ya kwanza ilikuwa safari ya umeme wenyewe. Betri yetu iko mbele, chini ya boneti, na ukisimama hapo unaweza kugusa betri kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine. Lakini umeme hauendi moja kwa moja. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye ukuta wa injini, unaingia ndani hadi swichi ya taa, unakwenda kwenye swichi ya fuli na dimu, kisha unarudi mbele kwenye taa. Nilicheka, maana nilikumbuka barua za ualimu. Barua ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake wa kata ya jirani ilipaswa kupita kwa mwalimu mkuu, ikaenda wilayani, ikapigwa mihuri, ndipo irudi kata ya jirani. Kila meza inachukua siku zake. Kila kiungo cha waya kilichoota kutu kinachukua chake.

Sababu ya pili ilikuwa wembamba wa waya. Waya wa shaba ukiwa mnene mara nne kwa eneo lake, ukinzani wake ni robo. Taa mbili za wati 55 huvuta kati ya ampea 8 na 9, na kiasi hicho kinapopita kwenye waya mwembamba wa miaka zaidi ya arobaini, wenye nyuzi zilizokatika na viungo vilivyolegea, hakiwezi kufika kizima.

Sababu ya tatu ilikuwa ethi, na hii inahusu Land Rover hasa. Gari hili lilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa alumini juu ya chesisi ya chuma. Waliosifu bodi isiyoota kutu walisema kweli. Lakini alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa taratibu na kutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Taa zetu zilikuwa zimefungwa ethi kwenye bodi kwa skrubu ndogo. Fundi alipofungua ya kushoto, unga ulidondoka kama chaki. Kwenye gari-nyumba lenye bodi ya faiba hali huweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa faiba haipitishi umeme kabisa na kila kitu hutegemea waya mmoja wa kurudi.

Kazi ilichukua siku moja na asubuhi ya pili. Sitaeleza kila kitu, ila nitaeleza kiini chake, kwa sababu kinaweza kumfaa mwenye gari la zamani la aina yoyote.

Aliweka rilei mbili karibu na taa, moja ya dimu na moja ya fuli. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme. Ndani yake mna koili ndogo. Ikipata umeme kidogo, chini ya robo ya ampea, inavuta kipande cha chuma na kufunga njia kubwa. Ni kama kengele ya shule. Mkono mmoja unaigonga, na watoto mia nne wanasimama mstarini. Anayegonga kengele hahitaji kumbeba kila mtoto. Vivyo hivyo, waya za zamani hazikutupwa. Zilibakishiwa kazi ya kugonga kengele tu, na swichi ikapumzika.

Ncha za rilei zina namba zake: 30, 85, 86 na 87. Kwenye 30 alileta waya mpya kutoka betri. Kutoka 87 alipeleka waya mpya hadi taa. Kwenye 86 alifunga waya wa zamani uliokuwa ukienda taa. Katika magari ya Kiingereza ya wakati ule waya huo ni wa buluu wenye mstari mwekundu kwa dimu, na wa buluu wenye mstari mweupe kwa fuli. Namba 85 aliipeleka ethi. Waya mpya zote za nguvu zilikuwa za milimita 4 za mraba. Kila taa aliipa waya wake wa ethi, mweusi, unaokwenda moja kwa moja hadi ncha hasi ya betri, bila kuitegemea bodi.

Jambo moja alilisimamia kwa ukali. Hapo hapo betri inapoanza, kabla ya kitu kingine chochote, aliweka fyuzi, tena fyuzi ya kila taa mbali. Waya mnene usio na fyuzi ukisuguana na bodi hadi ukachubuka, utachoma gari kabla hujafungua boneti. Na ukiwa na fyuzi moja kwa taa zote mbili, ikikatika kwenye kona za Soni utabaki gizani kabisa. "Moja ikifa, nyingine ikufikishe nyumbani," alisema. Viungo alivibana kwa koleo, akavitia risasi, akavivika mpira. Penye matundu ya bati aliweka raba. Kwenye ncha alipaka grisi.

Asubuhi ya pili alipima tena, taa zikiwaka. Betri, 14.0. Taa ya kushoto, 13.6. Ya kulia, 13.6. Kwa hesabu ile ile ya uzi, mwanga ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili, na balbu zilikuwa zile zile za jana. Hatukununua taa. Gharama yote haikufika bei ya tairi moja jipya.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini aliuliza tunasafiri na nini. Nikamtajia: maji, vyombo, magodoro, mtungi wa gesi, mke wangu. Akasema nirudi na vyote. Gari-nyumba hubeba uzito mwingi nyuma. Nyuma ikikaa chini, pua huinuka, na taa huanza kutazama matawi ya miti na macho ya wenzako. Basi nilirudi jioni na tangi limejaa, magodoro ndani, na mama watoto amekaa kwenye kiti chake akiwa na uso wa mtu aliyeletwa kushuhudia. Fundi aliegesha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali palipo sawa, akapima kwa chaki kimo cha taa, akashusha mwanga wa dimu hadi ukingo wake wa juu ukakaa sentimita 10 chini ya alama. Taa yenye nguvu isiyolengwa vizuri, alisema, ni kosa kubwa kuliko taa dhaifu, kwa sababu dhaifu inamdhuru mwenyewe, hiyo nyingine inamdhuru aliyekutana naye.

Usiku ule tulitoka hadi nje ya mji. Mke wangu hakusifu. Alitazama mbele kwa muda mrefu, kisha akaanza kutaja alichoona: jiwe la kilomita, mbuzi, mtoto na ndoo, nguzo, mbuzi tena. Alikuwa anapima kwa njia yake. Tulipogeuza alisema, "Haya."

Nimefikiri sana juu ya zile volti 3. Mwaka mmoja shule yangu ilipokea mtoto aliyehamishwa na ripoti yenye neno moja kubwa: mzito. Alikaa nyuma, alikuwa kimya, hakujibu. Siku moja nilimwita kutoka upande wake wa kushoto hakugeuka. Nikamwita kutoka kulia akageuka. Sikio moja lilikuwa limekufa kwa usaha wa miaka, na la pili lilikuwa linapokea nusu. Nilimleta dawati la mbele, sikio lile zima likiwa upande wangu, mama yake akampeleka hospitali. Alimaliza darasa la saba na akafaulu. Akili yake haikuongezwa chochote. Kilichotengenezwa ni njia kati ya ubao na yeye. Na waliokuwa wameandika lile neno hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameitazama taa ikiwaka njano, wakaandika walichokiona.

Wazee nao huandikiwa maneno ya namna hiyo. Mzee hasikii, mzee amesahau, mzee haoni. Mara nyingine ni kweli, na mzee mwenye busara akubali. Umri wangu unakula mwanga, daktari ameniambia kwa nini, na hakuna rilei ya jicho. Ndiyo maana tumejiwekea kanuni: safari zetu za kawaida zianze alfajiri, na saa kumi na mbili jioni tuwe tumeegesha. Lakini jicho lililopungua ndilo lenye haki zaidi ya kupewa mwanga wote uliopo. Ukikuta mapungufu mawili, moja la Mungu na moja la waya, litengeneze la waya kwanza, ndipo utaona ukubwa halisi wa lile lingine.

Simu ilikuja mwezi wa saba, saa mbili usiku. Mama mkwe alikuwa amekataa chakula siku mbili na alikuwa anamtaja binti yake. Mke wangu hakuniuliza kama tunaweza. Alichukua kanga zake na chupa ya chai. Tulikwenda kwa mwendo wa kilomita 60. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kiualimu: kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde, ukichukua sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, umeshakula mita 25, na breki nzuri zitataka mita nyingine zaidi ya 20. Kwa hiyo ni lazima uone mita 50 mbele, na kwa breki zetu za zamani, zaidi. Sasa tuliziona, na za ziada. Kabla ya Hedaru tulimpata mtu na baiskeli yenye mzigo. Tulimwona akiwa mbali, kwanza miguu, kisha magurudumu, kisha magunia. Nilipunguza, nikampa nafasi, tukampita. Mke wangu alimpungia mkono gizani, ijapokuwa hakuweza kuonekana.

Juu ya Soni palikuwa na ukungu. Huko fuli haifai, inagonga ukungu na kukurudia usoni. Dimu iliyolengwa chini ndiyo inayokuonesha ukingo wa barabara. Tulipanda taratibu kona baada ya kona. Tulifika saa nane usiku. Mama mkwe alikuwa macho. Alimshika mwanawe mkono, akauliza kwa Kisambaa kama wamempa chakula.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Mke wangu alikuwa naye siku zote hizo, na usiku alilala kwenye gari uani, ili nyumba ile ndogo iwatoshe wengine waliokuja.

Binti yetu wa Dodoma bado angependa gari liuzwe, na siku itafika atakuwa na haki. Sitabishana naye. Hata ukikabidhi funguo, njia haikomi kuwa na watu wanaotembea kwa miguu usiku, wanaosukuma mkaa, wanaorudi kutoka msibani, wasio na taa yao wenyewe. Hao hutegemea mwanga wa anayepita. Ni deni la kila dereva kwao, na halilipwi kwa balbu kubwa tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona taa hafifu, iwe ya gari au ya mtu, usiwe mwepesi wa kununua nyingine. Iwashe, iache iwake, kisha upime pande zote mbili, kwenda na kurudi.